Bendi hewa: vijana watano wa kuchorwa walioshika namba moja Marekani mwaka 1969

Mzee wa Santuri (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wengine salama?

Juzi Jumapili tulikuwa kijiweni, redio inapiga zilipendwa za Kizungu, ukaingia "Sugar, Sugar". Mtu mzima mmoja, wa heshima zake, akaapa kwamba kaka yake alipokuwa akisoma Uingereza aliwaona hao jamaa jukwaani kwa macho yake, na mpiga dramu alikuwa amevaa kofia. Nikamwambia mzee wangu, kofia amevaa kweli, ila huyo mpiga dramu ni mchoro. Kidogo tukosane. Ndiyo asili ya uzi huu.

Wafanyakazi hewa tunawajua: jina lipo kwenye orodha, mshahara unatoka kila mwezi, mtu ukimtafuta humpati. Hii ni bendi hewa. Jina lipo kwenye santuri, wimbo umekaa namba moja Marekani wiki nne, Uingereza wiki nane, na jarida la chati la Billboard walipofunga hesabu za 1969 wakauweka kuwa wimbo wa kwanza wa mwaka mzima. Ukiwatafuta wanamuziki unakuta karatasi na rangi.

Bendi inaitwa The Archies. Ni wanafunzi wa sekondari ya Riverdale, mji wa kubuni. Archie Andrews, mwenye kichwa chekundu, anapiga gitaa, Reggie besi, Jughead dramu, Veronica kinanda, Betty tari. Archie mwenyewe ni mkongwe, alianza kuchapishwa kwenye vijitabu vya katuni Desemba 1941, na kwa robo karne kazi yake kubwa ilikuwa kushindwa kuchagua kati ya Betty na Veronica. Ndipo studio ya Filmation ikamwingiza kwenye televisheni: The Archie Show, CBS, Jumamosi asubuhi ya tarehe 14 Septemba 1968. Vichekesho vitupu. Inatajwa kuwa katuni ya kwanza ya Jumamosi asubuhi kuwekewa vicheko vya kurekodiwa, utadhani kuna hadhira imekaa ndani ya mchoro. Kila kipindi kina visa viwili vifupi, na katikati mtindo wa kudansi wa wiki, halafu wimbo.

Huo wimbo ndio penye mambo. Msimamizi wa muziki alikuwa Don Kirshner, mtu wa New York aliyekuwa na sikio la kutambua wimbo utakaouza kabla haujauza. Kabla ya hapo alikuwa na The Monkees, vijana wanne wenye nyama na damu walioajiriwa kuigiza bendi kwenye kipindi cha televisheni ya NBC kilichoanza 1966. Yeye akawachagulia nyimbo, akawatafutia wapigaji wa studio, wao waimbe tu. Santuri zikauzika kama maji. Vijana wakaona aibu, wakataka wapige ala zao wenyewe. Ugomvi ukawa mkubwa, na Februari 1967 Kirshner akafukuzwa.

Mtu aliyeshindana na bendi ya kuigiza akashindwa, mara ya pili akachukua bendi ya kuchorwa. Mchoro haudai nyongeza, haugomi, wala haupigi ukuta ngumi.

Walioimba kweli nitawaeleza nikipata nafasi. Karibuni.

Jirani wa Eastlando

Mzee umenirudisha mbali sana. Huku Nairobi hivyo vijitabu vya Archie tulikuwa tunavitoa kwa wauza vitabu vya mitumba kando ya barabara, vile vidogo vidogo unavyoficha ndani ya kitabu cha hesabu mwalimu akipita. Jughead namjua na hamburger zake. Bendi nilikuwa naiona kwenye kurasa nikidhani ni kisa tu cha siku hiyo, kama vile wakienda pwani kuogelea. Sikujua kabisa kuna watu walitoa pesa mfukoni kununua wimbo wa hao watoto.

Mkaa Kijiweni

Nimekaa mbele kabisa. Ila mkuu, hiyo ngumi ya ukutani imetoka wapi? Usiturukishe.

Mzee wa Santuri

Haha, nilijua mtaidaka. Ni Michael Nesmith wa The Monkees. Januari 1967, hoteli ya Beverly Hills, kikao cha kugombania nani ana sauti kwenye muziki. Nesmith akatishia kuondoka, mwanasheria akamkumbusha mkataba, Nesmith akatoboa ukuta kwa ngumi na kumwambia kwamba pale pangekuwa uso wake. Na chanzo ni kwamba walikuwa wameletewa "Sugar, Sugar" wakaukataa, Kirshner akaenda kuwapa katuni.

Fundi Mitambo

Mleta uzi, ngumi ni kweli, hapo kwenye chanzo umechapia. Hiyo hadithi imesimuliwa sana kwa sababu ni tamu, lakini hesabu ya miaka inaikataa. Ngumi ni mwanzoni mwa 1967. "Sugar, Sugar" ni kazi ya Jeff Barry na Andy Kim, waliuandika kwa ajili ya katuni, na umetoka Mei 1969. Nesmith alikasirikia mambo mengi, huu wimbo haumo.

Mzee wa Santuri

Nimekubali, fundi. Nimeibeba hadithi hiyo miaka mingi bila kuipiga hesabu. Naiacha hapo juu kama ilivyo ili mjionee aibu yangu.

Haya, walioimba. Sauti ya Archie ni ya kijana aitwaye Ron Dante, wa Staten Island, New York, ambaye mkate wake ulikuwa kuimba matangazo ya biashara. Leo sabuni, kesho soda. Na kuna kichekesho ndani yake: mwaka 1964 alikuwa kwenye kikundi kilichotoa wimbo wa kumdhihaki dereva wa pikipiki wa wimbo mmoja mashuhuri wa huzuni. Huo wimbo wa huzuni uliodhihakiwa, mmoja wa watunzi wake ni huyo huyo Jeff Barry! Miaka mitano baadaye Barry ndiye mtayarishaji, Dante amesimama mbele ya maiki yake.

Sauti ya kike ni ya Toni Wine, naye mtunzi wa nyimbo tangu akiwa binti mdogo. Andy Kim, mtoto wa familia ya Kilebanoni ya Montreal, Kanada, ana mkono wake mle pia, na mwaka 1974 alikuja kushika namba moja kwa jina lake mwenyewe.

Sasa sikilizeni maajabu. Vuli ya 1969, "Sugar, Sugar" ikiwa bado kwenye kumi bora, ukaingia kumi bora wimbo mwingine uitwao "Tracy" wa bendi ya The Cuff Links. Mwimbaji? Ron Dante. Sauti zote za Cuff Links ni zake, ameimba juu ya sauti yake mwenyewe tabaka kwa tabaka. Kwa hiyo mtu mmoja alikuwa bendi mbili kwenye kumi bora ya Marekani, akishindana na nafsi yake, na akipanda basi hakuna abiria anayegeuka kumtazama.

Binti Chuini

Mimi hapo ndipo naona utapeli. Mmewaambia watoto hii ni bendi ya Archie, kumbe ni mkaka wa matangazo ya sabuni.

Fundi Mitambo

Dada Chuini, mtoto gani alitapeliwa? Mtoto anaona mchoro. Anajua mchoro hauna koo. Waliopewa kiini macho ni watu wazima wa redio.

Wimbo wa kwanza wa bendi hii ulifika namba 22 tu, na watangazaji wengi hawakutaka kusikia habari ya katuni. Kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu "Sugar, Sugar" kwamba mtu wa kunadi santuri aliupeleka kituo kimoja cha San Francisco bila kutaja jina la bendi, akasema upigeni kwanza, wenyewe mtawajua baadaye. Ukapigwa, simu zikaanza kulia. Walipokuja kuambiwa ni The Archies, wasikilizaji walishaupenda, hakuna wa kuurudisha.

Mimi kazi yangu ni studio, nafanya hapa Dar, na nitasema bila kumung'unya: karibu kila wimbo mnaoupenda una mtu msiyemjua. Mpiga besi aliyekuja saa mbili, akapiga, akasaini, akaenda kupanda daladala. Mle ndani ya "Sugar, Sugar" besi ni ya Chuck Rainey na gitaa ni la Hugh McCracken, wapigaji wa New York waliokuwa wakisubiriwa kwa foleni na wasanii wakubwa. Tofauti ni kwamba kwa kawaida kuna angalau uso mmoja wa kweli mbele. Hapa waliondoa hata huo mmoja.

Nilichokiona kibaya ni kimoja: jina la Dante kutoandikwa. Santuri imeandikwa The Archies, picha ni za The Archies, basi. Msichore uso wake, sawa, lakini jina lingewagharimu wino kiasi gani?

Binti Chuini

Si ndicho nilichosema? Nilisema utapeli, wewe umezunguka Kariakoo nzima ukarudi pale pale.

Fundi Mitambo

Haya umeshinda.

Kibarua wa Usiku

Nimetoka kuitazama mtandaoni baada ya kusoma huu uzi. Jamani mpiga dramu anapiga macho yamefumba! Na mikono haifuati ngoma hata kidogo. Nimeangalia nyimbo tatu tofauti, picha ni zile zile: Reggie anayumba kushoto, Veronica anabonyeza, Betty anapiga tari, mbwa anacheza. Wimbo umebadilika, wao hawana habari.

Mzee wa Santuri

Hapo umegusa utaalamu wa Filmation. Walikuwa na bajeti ya mkono mfupi, kwa hiyo walichora mwendo mmoja vizuri, wakauweka kabatini, wakautoa kila ulipohitajika. Kutembea kwa Archie ni kule kule, kugeuka kwa Veronica ni kule kule, miezi nenda miezi rudi. Bendi ilikuwa dawa nzuri ya bajeti: dakika nzima na zaidi za kipindi unazijaza kwa picha ulizokwisha kuzilipia. Huyo mbwa anaitwa Hot Dog, mkumbuke jina lake, anarudi kwenye uzi.

Na macho ya Jughead ndivyo alivyozaliwa, amechorwa hivyo tangu vijitabuni.

Mpenda Mbwa

Nimesikia mbwa. Anarudi vipi?

Mzee wa Santuri

Anarudi kwa mlango wa Scooby-Doo.

Miaka ile wazazi Marekani walikuwa wamechoka na katuni za ngumi na majitu ya angani. Mwaka 1968 kina mama wa Massachusetts walianzisha kabisa chama, Action for Children's Television, cha kusimamia wanachotazama watoto. Fred Silverman, mkuu wa vipindi vya mchana wa CBS, akaona The Archie Show inapendwa na haipigi mtu ngumi. Akawaendea studio ya katuni ya Hanna-Barbera: nileteeni vijana wengine wenye bendi. Wakachora vijana watano wanaopiga muziki na kufumbua mafumbo ya mizimu, pamoja na mbwa mpiga ngoma za bongo aliyeitwa Too Much. Wakabishana mbwa awe aina gani. Mwenye manyoya mengi wakamwogopa, watasema tumeiba Hot Dog wa Archie, ndipo likachaguliwa lile dubwana la Great Dane. Baadaye bendi ikatupwa, vijana wakabaki wanne, mbwa akaitwa Scooby-Doo, na kipindi kikaanza Septemba 1969, wiki moja kabla wimbo wa Archie haujafika kileleni.

Yaani lile gari lao lenye maua, mimi nikilitazama naona gari la kubebea vyombo vya muziki lisilo na vyombo.

Mpenda Mbwa

Nimeishi miaka arobaini na miwili sijui hili.

Jirani wa Eastlando

Na Josie and the Pussycats je? Nao walikuwa kwenye vijitabu hivyo hivyo.

Binti Chuini

Hao niachieni mimi, maana ndio wenye kisa cha maana zaidi kuliko wote na mleta uzi hajawataja.

Josie ni wa kampuni ile ile ya vijitabu, mchoraji wake Dan DeCarlo alimpa jina la mkewe. Hanna-Barbera wakamtia kwenye televisheni Septemba 1970, CBS, bendi ya wasichana watatu wenye mikia ya paka: Josie, Melody na Valerie. Valerie ni Mweusi. Ndiye msichana Mweusi wa kwanza kuwa mhusika wa kudumu kwenye katuni za Jumamosi asubuhi Marekani, na ndiye mwenye akili kati yao.

Karibu afutwe. Mtayarishaji wa muziki, Danny Janssen, alikuwa amewachagua waimbaji, na wa Valerie ni Patrice Holloway, dada Mweusi wa Los Angeles. Studio ikataka bendi iwe ya Wazungu watupu. Janssen akagoma, akasema kama Patrice hayumo na yeye hayumo. Wiki kadhaa za kuvutana, wakalegea. Sikilizeni nyimbo zao, nyingi ni sauti ya Patrice iliyobeba.

Sasa fundi, wewe uliyesema mchoro hauna koo: hapo koo ndilo lililomwokoa mchoro.

Fundi Mitambo

Natoa kofia. Sina la kuongeza.

Mkaa Kijiweni

Ila mnazungumza kana kwamba wimbo wenyewe ni wa maana. Ni wimbo wa peremende, watu wazima! Sukari, asali, sukari, asali. Mwaka ule ule kuna Woodstock, kuna Jimi Hendrix, watu wametua mwezini. Wamarekani wakachagua sukari?

Mzee wa Santuri

Walichagua. Na walioshushwa kutoka namba moja kuupisha, tarehe 20 Septemba 1969, ni Rolling Stones. Mick Jagger kashushwa na mtu wa kuchorwa.

Nami nitausimamia huo wimbo. Hebu usikilize kwa vidude vya masikioni, si kwa redio ya kijiweni. Dante haimbi kwa nguvu, ananong'ona karibu na maiki, kama mtu anayezungumza na mmoja tu. Kinanda kinajibu kwa vidole viwili. Makofi yanaingia. Kisha kuelekea mwisho Toni Wine anachomoka peke yake kwa mstari mmoja tu, na wimbo wote unapata joto ambalo halikuwepo. Ukidhani ni rahisi, jaribu kutunga mmoja.

Kama humwamini mpenda santuri wa mtaani, waamini wenye koo zao: Wilson Pickett, mtu wa soul asiyejua kuimba taratibu, aliuimba 1970 ukaingia nne bora za chati ya muziki wa Weusi. Na Jamaica, Bob Marley na Wailers wakaurekodi. Marley huyo huyo. Tafuteni.

Mkaa Kijiweni

Bob Marley kaimba wimbo wa katuni? Ngoja nikae chini.

Kibarua wa Usiku

Nimeupata wa Marley. Umenoga, na mimi sikutaka unoge.

Jirani wa Eastlando

Nimekumbuka kitu. Hata huku kwetu kumewahi kuwa na jina hewa, ila kinyumenyume. Vijana Jazz wa Dar walipokuja kurekodi Nairobi miaka ya 1970, kuna santuri zao zilitoka kwa jina la Koka Koka Sex Battalion. Watu wapo, wanatoka jasho, jina ndilo la hewani.

Mzee wa Santuri

Ahsante sana jirani! Hiyo ndiyo pacha wake kabisa. Hilo jina sijui nani alilipitisha akiwa na akili zake, lakini muziki uliomo ni mtamu.

Nimesahau jingine. Wamarekani hawakuishia kuuza The Archies madukani, waliwabandika kwenye maboksi ya nafaka za kifungua kinywa za kampuni ya Post. Nyuma ya boksi kuna santuri ya karatasi ngumu yenye ngozi ya plastiki. Mtoto akimaliza nafaka anakata kwa mkasi kufuata duara, anaweka kwenye gramafoni ya baba yake, bendi inaimba. Boksi la nafaka limeimba! Sauti ilikuwa ya mkwaruzo, lakini ndiyo kwanza nikasema, hawa jamaa wamefika mwisho wa safari: mwanamuziki ni karatasi, na santuri ni karatasi.

Binti Chuini

Na huyo Ron Dante aliishia wapi? Msiniambie alikufa bila kujulikana.

Mzee wa Santuri

La. Miaka ya 1970 alikuwa mtayarishaji wa mwimbaji Barry Manilow, na hapo jina lake liliandikwa. Mwaka 2018, akiwa amevuka miaka sabini, alianza kuzunguka Marekani na bendi ya The Turtles kwenye maonyesho ya zilipendwa. Akawa anaimba "Sugar, Sugar" kwa uso wake mwenyewe, mvi zake mwenyewe.

Binti Chuini

Hapo nimelala usingizi. Swali la mwisho: aliyekuwa anazungumza kama Betty na aliyekuwa anazungumza kama Veronica kwenye katuni ndio hao hao waimbaji?

Mzee wa Santuri

Hapana, wasemaji walikuwa waigizaji wengine. Betty alisemwa na Jane Webb. Veronica alisemwa na Jane Webb.

Mkaa Kijiweni

Ngoja. Miaka yote ile Archie anashindwa kuchagua, kumbe wanaogombana ni mwanamke mmoja?

Mzee wa Santuri

Mmoja. Na akichelewa darasani, mwalimu Grundy anayemfokea ni Jane Webb pia.

Jirani wa Eastlando

Maskini Archie.

Mzee wa Santuri

Wakuu, mrejesho wa kijiweni. Jioni hii nimemwonyesha yule mzee video kwenye simu. Ameivuta karibu, ameitazama hadi mwisho bila kusema neno, halafu akanirudishia simu yangu.

"Si umeona? Kofia hiyo hiyo."